Geuza Fremu Uone Mgongo

Mwangaluka! Wazee wangu, shikamooni.

Mezani hapa nimeweka fremu mbili. Hii pana ina rangi ya dhahabu, hii nyembamba ni ya mninga. Ipi nzuri? Nyoosheni mikono. Haya, ya dhahabu imeshinda kwa mbali. Sasa nazigeuza. Mnaona? Ile ya dhahabu mgongoni ina katoni la sabuni lililobanwa kwa misumari minne, na tayari lina madoa ya unyevu. Ninyi mmechagua uso. Mimi fundi huwa naanza na mgongo.

Sisi tunaishi kando ya maji. Hewa ya ziwa ina unyevu, na unyevu haubishi hodi. Mama mmoja wa Igoma aliniletea picha ya marehemu mama yake. Aliyemtengenezea fremu alikuwa ameilaza picha moja kwa moja kwenye kioo. Kwa miaka ile unyevu ulilainisha utando wa picha, ukashikana na kioo kama ugali ulioshika sufuria. Akaniomba niibandue. Nikamwambia, mama, nikivuta, sura ya bibi inabaki kwenye kioo. Tukaipiga picha ikiwa palepale, tukachapisha nyingine. Ile ya asili bado imeganda, hadi leo.

Kwa hiyo picha ya karatasi isiguse kioo. Dawa yake ni kadi nene iliyokatwa dirisha katikati, inayokaa kati ya picha na kioo. Wengi wanadhani ni pambo tu. Ni pambo, ndiyo, lakini kazi yake kubwa ni kuacha nafasi ya hewa. Picha ya sentimita 20 kwa 25, ukiiwekea kadi ya sentimita 5 kila upande, fremu yako ndani itakuwa 30 kwa 35. Chini ongeza kidogo, maana macho yetu huiona picha iliyo katikati kamili kana kwamba inateremka. Na ulizia kadi isiyo na asidi. Katoni na hadibodi zikigusa karatasi miaka mingi huigeuza njano, halafu kahawia.

Wale wadudu wa ziwani mnawajua, wanaopanda kama moshi juu ya maji. Wakiona taa jioni wanaingia sebuleni, na fremu yenye mwanya mgongoni wanaipenda mno. Ziba mgongo kwa karatasi ya kaki na gundi, pande zote nne. Kisha kwenye kona mbili za chini bandika vipande vya kandambili kuukuu. Msicheke! Fremu inaachana na ukuta kidogo, upepo unapita nyuma, kuvu hawapati makazi.

Michoro ya Tingatinga ni habari nyingine. Edward Said Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia rangi za baiskeli juu ya vipande vya hadibodi. Rangi ya namna ile haihitaji kioo. Futa vumbi kwa kitambaa laini, basi. Siku hizi mingi inauzwa kwenye turubai, imekunjwa kama mkeka. Hiyo iwambwe kwanza kwenye mbao, kama ngozi ya ngoma. Nenda makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, ziangalie ngoma vizuri: ngozi iliyowambwa vibaya inajikunja yenyewe. Turubai nalo ni hivyohivyo.

Mbao? Mninga, kama mfuko unaruhusu, kwa sababu ukishakauka hauchezi sana. Mbao mbichi ndiyo inayofumua kona baada ya miezi michache, hata kama fundi alikata digrii 45 sawasawa. Rangi ya fremu ifuate picha. Makochi utayabadilisha, mapazia pia.

Sasa mahali pa kutundika. Nyumba nyingi zinazotazama ghuba zinapigwa na jua la saa kumi na moja jioni, likiwa limelala, tena linaakisiwa na maji. Ukuta unaopokea jua hilo usiupe batiki wala picha ya rangi za maji. Zitapauka, na kioo cha kawaida hakizuii. Na jamani, tushushe picha! Tunazitundika juu karibu na dari, zimeinama kama picha za ofisini. Katikati ya picha pawe kama sentimita 150 kutoka sakafuni. Sebuleni ambako watu hukaa, hata chini ya hapo.

Naona kuna mama pale nyuma amekuja na batiki yake. Mama, naomba uilete hapa mbele. Hii hatutaigusa na gundi kabisa, tutaishona. Nani ana sindano?