Kasti Hupasuka Ikipoa
(Mhadhara kwa mafundi wa magari makubwa)

Ndugu mafundi, habari za mchana. Waliokwisha kunisikia watanivumilia. Leo ni yaleyale ya kasti, yaani chuma cha kusubu, na nitayarudia mpaka siku nitakapoacha kuletewa manifoldi za ekzosi (yale mabomba yanayokusanya moshi wa silinda) zilizochomelewa juu ya kilichochomelewa.

Niwaulize. Lori limepanda mlima Kitonga na mzigo wake, gia ya chini, ekzosi imeiva nyekundu. Limefika mji wa Ilula, dereva amezima papo hapo, yuko hotelini anaagiza wali. Ufa unafunguka wakati gani? Nasikia wengi mnasema mlimani. Hapana! Unafunguka Ilula, dereva akinawa mikono.

Mnacheka. Haya, tupige hesabu. Manifoldi ya kipande kimoja, injini ya silinda sita, urefu tuseme sentimita 80. Kwa kila digrii moja ya joto, kasti hurefuka sehemu 12 hivi katika milioni. Ipashe kutoka digrii 30 hadi 630, nayo inataka kurefuka zaidi ya milimita 5. Hedi iliyoishikilia, yaani kifuniko cha silinda, inapozwa na maji, kwa hiyo inarefuka nusu milimita na kidogo. Hizo milimita 5 zinakwenda wapi? Bolti zimekaza, haziendi popote. Chuma kinabanwa, na kwa kuwa kiko moto kimelainika, kinakubali kufinyangwa: kinanenepa kidogo na kinafupika kidogo. Hapo ufa hamna, maana kasti hustahimili kubanwa mara tatu au nne zaidi ya inavyostahimili kuvutwa.

Sasa dereva amezima. Chuma kinapoa na kusinyaa, ilhali kilishafupishwa kule mlimani. Kinataka kuwa kifupi kuliko nafasi iliyopo kati ya bolti ya kwanza na ya mwisho. Bolti zinakataa tena, safari hii kwa kukivuta, na chenyewe kimesharudia ugumu wake. Ndani ya kasti ya kijivu, ile ya kawaida, mna vipande bapa vya grafiti, yaani kaboni, na kila ncha ya kipande ni mahali pa ufa kuanzia. Safari moja haiui. Panda, zima, panda, zima, mpaka siku inaachia.

Atasema mtu, mzee, hiyo ni nadharia ya darasani. Sawa. Nani hapa amewahi kufungua manifoldi ya Cummins ya lita 5.9, halafu wakati wa kuirudisha matundu ya mwisho yakakataa kulingana na hedi? Naona mikono. Mlifanya nini? Mlichukua faili mkachonga tundu! Hamkujiuliza kwa nini manifoldi iliyotoka pale pale imekuwa fupi. Haikuibiwa usiku. Imefupika kwa namna hiyo niliyoieleza, na isipopasuka yenyewe itakata bolti za pembeni.

Mtengenezaji alilijua hili. Ndiyo maana kwenye manifoldi nyingi matundu ya pembeni ni mapana kuliko bolti: chuma kipate kuteleza. Wewe unaona tundu limelegea, unalitia bushi ili likae vizuri. Na zile za vipande vitatu, zenye pete kwenye maungio, ziliundwa ziteleze. Nilimwona fundi mmoja, ungio linavuja moshi kwa sababu pete zimekufa, akalizungushia weldi. Moshi ukakoma, mteja akafurahi, fundi akalipwa. Kipande cha katikati kikapasuka, na aliyelaumiwa ni Mchina aliyekisubu. Pete mpya zingemtosha.

Sisemi vyuma vyote ni sawa. Kasti yenye grafiti ya duara, aliyoigundua Keith Millis mwaka 1943 katika maabara ya International Nickel kule Marekani, inavumilia kuvutwa kuliko ya kijivu kwa mbali. Ukiiongezea silikoni asilimia 4 hadi 5 na molibdenamu kidogo inahimili moto zaidi. Kwa moto mkali kabisa wapo wanaotia nikeli hadi asilimia 35 hivi. Ukinunua, ning'iniza uigonge na nyundo ndogo: ya kijivu inalia bubu, ya duara mlio wake unakaa. Lakini hata hiyo, ukiifunga isiteleze, utaizika tu.

Naambiwa muda umebana, na nyumba ya tabo, ile feni inayozungushwa na moshi ili kuisukumia injini hewa, sijaigusa. Haraka basi. Ule ukuta mwembamba unaogawa njia mbili za moshi unapigwa moto pande zote, wakati flenji nene, ule mdomo wa kufungia bolti, iko nje inapoa. Ufa mdogo pale ni jambo la kawaida, na watengenezaji hutoa kipimo cha unaoruhusiwa. Soma kitabu, usikurupuke kuuza tabo mpya. Ila ukiona kipande kinataka kumeguka, acha, kitaingia kwenye feni. Na ufa uliotokeza ukuta wa nje, nyumba hiyo ni ya skrepa.

Kuchomelea. Rodi ya kawaida inafyonza kaboni ya kasti, pembeni ya weldi panakuwa pagumu kama faili na panapasuka hapo hapo. Tumia rodi ya nikeli, pasha kipande chote kwanza, choma mistari mifupi mifupi, kisha kizike kwenye majivu kipoe taratibu. Mteja hana pesa? Basi mwambie ukweli kwamba unampa muda, humpi matibabu.

Dereva aache injini izunguke polepole bila mzigo dakika chache kabla ya kuzima, na utingo asimwagie maji ekzosi ikiwa moto. Na ile stendi inayobeba tabo kutoka chini, mliyoitupa kwa kuwa bolti yake ilisumbua kufunguka, irudisheni. Haya, nani ana swali?