Kadi ya "Bob" Ambaye Hakuwa Bob

Asalaam aleikum na habari za wakati huu, ndugu zangu wa nyumbani. Leo nawasalimu kutoka hapa Pittsburgh, Marekani, na hiki nilichokishika, ngoja nikisogeze karibu na kamera, ni kadi ya besiboli ya mwaka 1969 iliyochapwa na kampuni ya Topps, ambayo zamani hizo iliziuza kadi zake pamoja na bigijii ili watoto wazikusanye na kubadilishana. Kwa ukubwa haipishani na karata ya kuchezea. Tazameni pembe hii ya juu ilivyochakaa hadi weupe wa karatasi umejitokeza. Wanunuzi wa kadi hizi huanza kukagua pembe kabla hata hawajamwangalia mchezaji, ndiyo maana niliyoiokota gulioni Jumapili haikunifilisi.

Sasa someni jina lililoandikwa ndani ya duara: Bob Clemente. Mtu huyu hakuwa Bob. Alikuwa Roberto, mzaliwa wa mji wa Carolina katika kisiwa cha Puerto Rico, mwaka 1934, na baba yake alikuwa msimamizi wa vibarua katika mashamba ya miwa. Kadi yake ya kwanza, ya mwaka 1955 alipoanza kuichezea timu ya Pittsburgh Pirates, ilimwita Roberto bila tatizo lolote. Lakini kuanzia 1957 wachapaji wakaamua kumwita Bob, wakaendelea hivyo zaidi ya miaka 10, ilhali yeye mwenyewe aliwaambia watu wazi kwamba jina lake ni Roberto. Magazeti nayo yalizidisha, kwani waandishi walipomnukuu waliandika Kiingereza chake kwa kuigiza lafudhi, hata mtu aliyezungumza jambo la maana akaonekana kichekesho. (Mimi Mwinjuma, ambaye kazini nimegeuzwa "MJ" bila kuulizwa, naomba nisiseme zaidi.)

Nyuma ya kadi kuna jedwali la takwimu zake mwaka kwa mwaka, na hapo ndipo utamu ulipo. Kwa wasioujua mchezo huu, mpigaji anayefanikiwa mara 3 katika kila majaribio 10 huhesabiwa kuwa fundi. Clemente aliongoza ligi yake ya National kwa wastani wa upigaji katika miaka ya 1961, 1964, 1965 na 1967, na mwaka 1966 akachaguliwa mchezaji bora wa ligi hiyo. Alilinda upande wa kulia wa uwanja, na mkono wake ulikuwa na nguvu kiasi kwamba mpinzani aliyetaka kukimbilia kituo kimoja zaidi alifikiri mara mbili. Tuzo ya ulinzi bora, Gold Glove, aliichukua miaka 12 mfululizo.

Kadi hii haikuwahi kuona yaliyofuata. Mwaka 1971 Pirates walitwaa ubingwa, Clemente akiwa ameupiga mpira kwa mafanikio katika kila mmoja wa michezo yote 7 ya fainali, na alipowekewa kipaza sauti mbele ya Marekani nzima, aliomba kwanza azungumze na wazazi wake kwa Kihispania, akawaomba baraka. Tarehe 30 Septemba 1972 alifikisha upigaji wake wa 3,000 uliofanikiwa. Desemba ikaja na tetemeko la ardhi lililoubomoa mji wa Managua, Nicaragua. Clemente akakusanya misaada, na aliposikia kwamba iliyotangulia inaporwa njiani, akaamua kuisindikiza mwenyewe. Ndege ya mizigo, iliyosheheni kupita kiasi, ilianguka baharini karibu na San Juan usiku wa tarehe 31 Desemba. Alikuwa na umri wa miaka 38, na mwili wake haukupatikana hadi leo.

Kwa ajili yake, utaratibu wa kumsubirisha mchezaji miaka 5 baada ya kuacha kucheza uliwekwa kando, akaingizwa katika ukumbi wa magwiji wa besiboli huko Cooperstown mwaka 1973. Na hata huko, ndugu zangu, jina halikusalimika: bamba la shaba liliandikwa Roberto Walker Clemente, wakati kwa desturi ya kwao ukoo wa mama huja mwisho. Mwaka 2000 bamba lilitengenezwa upya, likasomeka Roberto Clemente Walker.