Kengele Isiyonyamaza: Tiba ya Mazungumzo kwa Wenye Maumivu Sugu

Waheshimiwa wasikilizaji,

Karibu kila mgonjwa wa maumivu sugu anayepewa rufaa ya kumwona mtaalamu wa saikolojia hufika akiwa na kauli moja moyoni, hata asipoitamka: "Daktari ameshindwa kuuona ugonjwa wangu, ndiyo maana nimeletwa hapa." Nami simlaumu. Mtu aliyeteswa na mgongo kwa miaka minne, akapigwa picha, akapimwa damu, akameza vidonge vya kila rangi, kisha akaambiwa aende akazungumze, husikia kwamba maumivu yake ameyatunga. Nitakaa sana kwenye kauli hiyo, kwa sababu asiyepata jibu lake hatanufaika na tiba yenyewe.

Maumivu huitwa sugu yakidumu au yakirudi rudi kwa zaidi ya miezi 3. Kipimo hicho kimo katika toleo la 11 la orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, lililoanza kutumika Januari 2022, na toleo hilo linakubali kwamba maumivu sugu yaweza kuwa ugonjwa kamili, si dalili ya ugonjwa mwingine tu. Maumivu ya ghafla ni kengele ya hatari: mkono huruka kutoka kwenye moto kabla mwenyewe hajafikiri. Katika maumivu sugu, mara nyingi jeraha limekwishapona, au halitoshi kueleza ukali wa mateso, lakini kengele inaendelea kulia kwa kuwa neva na ubongo vimezoea kuipiga kwa sababu ndogo.

Mwaka 1965, watafiti wa maumivu Ronald Melzack na Patrick Wall walitoa nadharia kwamba ndani ya uti wa mgongo kuna kitu mfano wa lango, ambalo habari za maumivu hulipitia zikielekea ubongoni, na kwamba ubongo nao huteremsha amri za kulifungua au kulibana. Mengi ya undani wa nadharia hiyo yamerekebishwa baadaye, lakini kiini chake kimesimama: hofu, uchovu, kukosa usingizi na namna mtu anavyoielewa hali yake huongeza au hupunguza maumivu anayoyasikia. Naomba jambo hili lisieleweke vibaya. Hata maumivu ya mguu uliovunjika hutengenezwa na ubongo, na hakuna anayemwambia aliyevunjika mguu kwamba anajisingizia.

Picha za mgongo nazo zinahitaji kusomwa kwa uangalifu. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2015 ulikusanya picha za watu zaidi ya 3,000 wasio na maumivu yoyote ya mgongo, ukakadiria kwamba kuchakaa kwa diski, yaani vitenganishi laini vilivyo kati ya pingili za mgongo, huonekana kwa asilimia 37 ya watu wenye miaka 20 na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Kwa hiyo mgonjwa anayesomewa neno "kuchakaa" bila maelezo hutoka na hofu ambayo picha yenyewe haikuistahili, na hofu hiyo ina kazi yake mwilini.

Fikirieni mtu aliyeinama kuokota kitu, akasikia mchomo mkali kiunoni. Kesho yake hainami. Baada ya mwezi anamwita mtoto amwokotee. Baada ya mwaka misuli ya mgongo imelegea, viungo vimekakamaa, na akijaribu kuinama anaumia kweli, jambo linalomthibitishia kwamba alikuwa sahihi kuogopa. Mtu huyu hafai kuambiwa aache woga. Ameshaambiwa na jamaa zake wote. Mtaalamu humwomba kwanza atabiri: ukiinama mara tatu, nini kitatokea, na una uhakika kiasi gani? Kisha wanajaribu, mara nyingi kwa ushirikiano na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, wakianza na kuinama kudogo, na baada ya hapo utabiri unawekwa kando ya kilichotokea. Pengine ameumia kidogo lakini hakuteguka wala hakulala kitandani siku mbili kama alivyodhani. Ubongo hujifunza kwa tukio la namna hiyo kuliko kwa nasaha ya saa nzima, na hapa ndipo jina "tiba ya mazungumzo" linapotupotosha kidogo, kwa maana sehemu kubwa ya kazi ni kutenda.

Wapo pia wenye kosa la upande wa pili. Siku ikiwa njema wanafanya kazi za juma zima, kisha wanaanguka siku tatu. Wilbert Fordyce, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Washington nchini Marekani, aliona kwamba maumivu yakiachwa yawe ndiyo yanayoamua lini mtu apumzike, hatimaye yatatawala ratiba yake yote. Njia inayofaa ni kupima kazi kwa saa. Anayeweza kuketi mezani dakika 20 katika siku mbaya aanze na 15, asimame zikitimia hata kama anajisikia vizuri, kisha aongeze kidogo kidogo. Kusimama siku njema ndiko kunakowashinda wengi, tena wachapakazi kuliko wavivu.

Kuna njia nyingine, zikiwamo mafunzo ya utulivu wa akili na tiba inayomfundisha mtu kuyakubali maumivu huku akiyarudia mambo anayoyathamini. Kukubali huko hakumaanishi kukata tamaa, bali kukataa kuahirisha maisha mpaka siku maumivu yatakapokwisha. Usingizi nao hutibiwa kwa njia za kisaikolojia, na mara nyingine ningependa tuanzie hapo.

Je, faida yake ni kubwa kiasi gani? Mapitio ya mwaka 2020 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za tiba, yaliyojumuisha tafiti 75 na washiriki zaidi ya 9,000, yaliona kwamba tiba ya kubadili fikra na mienendo, ambayo majaribio ya kutabiri niliyoyaeleza ni sehemu yake, hupunguza maumivu, ulemavu na huzuni, lakini kwa kiasi kidogo kwa wastani. Utafiti mmoja wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2021 ukiwa na watu 151 wenye maumivu ya mgongo, ulitoa matokeo makubwa zaidi: asilimia 66 ya waliofundishwa kuyaelewa maumivu yao kuwa kengele isiyo na hatari walibaki bila maumivu au karibu bila maumivu, ikilinganishwa na asilimia 20 ya waliopewa sindano isiyo na dawa. Unatia moyo, ila ni utafiti mmoja, na sitamwahidi mgonjwa yeyote matokeo hayo.

Wala tiba hii haichukui nafasi ya daktari. Anayepoteza uzito bila sababu, mwenye homa, au aliyeanza kupata ganzi mapajani na kushindwa kuzuia mkojo, anahitaji uchunguzi wa haraka. Na anayetumia dawa kali za jamii ya afyuni asiziache ghafla kwa kuwa ameanza vikao. Zipunguzwe polepole chini ya uangalizi.

Kwa madaktari walio hapa, ninaomba rufaa itolewe mapema, pamoja na matibabu mengine, badala ya kungoja mpaka kila kitu kishindwe, kwa sababu rufaa ya mwisho husikika kama kufukuzwa. Kwa wagonjwa, kikao cha kwanza kwa kawaida hakianzi na utoto wenu. Huanza na swali dogo zaidi: tangu ulipoamka leo, ni jambo gani la kwanza uliloliacha kwa sababu ya maumivu?