Jinsi ya kupima vipokezi vya msuli uliopoteza neva

Karibuni tena. Mezani tuna kipande cha msuli wa binadamu, kidogo kama punje ya mahindi, kimetolewa kwa idhini ya mwenyewe. Tunataka kujua kama vipokezi vya asetilikolini, protini zinazopokea kemikali ambayo neva huutumia msuli, bado vimekusanyika pale neva inapogusa msuli (tutapaita kituo), au vimeshatawanyika.

Kimeshalowa kwenye paraformaldehidi ya asilimia 4, dawa ya kukigandisha kisioze. Kioshe kwa bufa, yaani maji ya chumvi yenye asidi iliyodhibitiwa, mara tatu, kisha chukua sindano mbili na uchambue nyuzi chini ya hadubini. Ona hapa: nimevuta kwa pupa, uzi umekatika. Fuata urefu wake, polepole, kama unafumua mshono.

Sasa sumu. Hii ni alfa-bungarotoksini ya nyoka wa Asia. Chang na Lee wa Taiwan waliitenga mwaka 1963. Inang'ang'ania kipokezi na karibu haiachii, ndiyo maana inatufaa, na ndiyo maana glovu hazivuliwi. Yetu imebandikwa rangi nyekundu inayong'aa. Loweka saa moja gizani. Kichupa cha pili, chenye nyuzi nyingine za msuli huohuo, kitangulizie sumu tele isiyo na rangi, ndipo uweke yenye rangi: mng'ao utakaobaki humo ni uchafu wa kutoa kwenye hesabu. Wengi huiruka hatua hii, halafu wanashangaa.

Neva ipake kingamwili inayoshika nyurofilamenti, protini za ndani ya neva, rangi ya kijani, kisha osha.

Twende kwenye hadubini ya leza. Mipangilio iwe ileile kwa sampuli zote, na picha isiungue: doa likishakuwa jeupe pe, halipimiki tena. Usitafute umbo la panya, lililojikunja kama fundo la kamba. Kituo cha binadamu ni kidogo, vidoa vidoa kama sarafu zilizomwagika. Msuli wenye afya una vipokezi kama 10,000 kwa kila mikromita mraba hapo kituoni, na nje yake karibu hakuna. Neva ikifa, wekundu hutambaa kando ya uzi.

Kwenye ImageJ, programu ya kupima picha, chora mpaka wa kituo, soma mng'ao, kisha soma wa uzi ulio mbali nacho. Toa uchafu kwanza, ndipo ugawanye wa kituo kwa wa mbali.

Tahadhari moja: sumu haibagui. Vipokezi vya aina ya kijusi, vinavyorudi neva ikikatika, inavishika vilevile. Ukitaka kuvitenganisha, ongeza kingamwili ya kijisehemu cha gama, kilichomo kwenye vipokezi vya kijusi tu. Na kabla hujapima, mwenzio ayafiche majina ya picha, usijue ipi ya mgonjwa.