Mkono wa Kushoto Unaobisha Hodi

Wazee wangu, shikamooni. Wenzangu, habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie maneno tunayoambiwa baada ya kupiga piano, sisi ambao piano si kazi yetu. Wengi mliomo humu mnaipiga alfajiri kabla ya kwenda kibaruani, au mnabaki na kinanda cha kwaya wenzenu wakishaondoka mazoezini. Hatulipwi, hatutafuti cheo. Tunapiga kwa kupenda, na kwa sababu hiyo neno moja likitupata hukaa nasi miaka.

Langu lilinipata nikiwa na miaka 34. Nilikuwa nimejifunza preludi, yaani kipande kifupi cha piano, ya nne ya mtunzi Chopin wa Poland, katika zile 24 za mkusanyiko wake uitwao opus 28, zilizochapishwa mwaka 1839. Ni ukurasa mmoja tu. Mkono wa kulia una wimbo wa polepole ambao karibu hauendi popote: unakaa kwenye sauti moja, unapanda kidogo, unarudi. Mkono wa kushoto unarudiarudia sauti tatu kwa pamoja, na kila baada ya muda mojawapo inateremka nusu hatua. Nota zake hata mwanafunzi mchanga anazipata. Nilipiga mpaka mwisho bila kukosea hata moja, nikamgeukia mwalimu wangu.

Alikaa kimya kidogo, kisha akasema: "Mwanangu, mkono wako wa kushoto unabisha hodi. Na mwenye nyumba yumo ndani anaimba."

Nilirudi nyumbani na maneno yale kichwani. Kumbe ndivyo ilivyokuwa: ko, ko, ko, ko, kila pigo sawa na jingine, na wimbo wenyewe umefunikwa. Mjue piano inavyofanya kazi. Ukibonyeza, nyundo inarushwa kuelekea kwenye waya, na ikisharushwa huna amri nayo tena. Kinachoamua ukubwa wa sauti ni kasi uliyoitupia. Mimi nilikuwa nainua mkono juu na kuushusha upya kila pigo, kwa hiyo nyundo zote ziliruka kwa kasi ileile. Wiki tatu nzima nikapiga kushoto peke yake, vidole havibanduki kwenye vibonyezo, hadi zile sauti tatu zikawa kama pumzi. Angeniambia tu "punguza kushoto", ningepunguza siku ile na kesho yake ningesahau. Yeye aliniambia alichokisikia, akaniachia mimi kazi ya kutafuta dawa.

Sifa nazo tunazipenda, sikatai. "Hongera, umepiga vizuri sana" ni heshima, ipokeeni kwa shukrani. Lakini asubuhi ukikaa tena kwenye piano, haikuonyeshi uanzie wapi.

Neno la pili nilipewa na mama mmoja wa kwaya yetu, muimbaji wa sauti ya pili, ambaye hajawahi kugusa piano. Karibu na mwisho wa preludi hiyohiyo kuna mahali muziki unasimama kabisa. Chopin ameweka alama ya kushikilia juu ya kimya chenyewe, halafu yanafuata makundi matatu ya sauti za chini, taratibu, basi. Mama yule aliniambia: "Pale uliponyamaza, hukutuacha na sisi tunyamaze." Nilijirekodi kwa simu nikasikiliza. Alisema kweli. Nilikuwa nakimbilia mwisho kama mtu anayeogopa kudhaniwa amesahau. Tangu siku ile, nikishika kinanda Jumapili, nawatazama waimbaji mabegani: wakishavuta pumzi ndipo naingia.

Sasa kuna neno ambalo naomba lisitamkwe tena na yeyote humu. Rafiki yangu, mtu mzima mwenye watoto, aliambiwa na mtu aliyemwamini, "Wewe kipaji huna." Alifunika kinanda chake kwa kitambaa, na kilikaa hivyo miaka sita. Nililia nilipokiona. Neno lile halikumwambia chochote kuhusu alichopiga siku ile, si mapigo, si sauti, si pedali ya mguuni. Lilimfungia mlango tu. Mwenye kusikia kosa na alitaje kosa lilipo: mstari wa pili, kidole cha nne, pedali imechelewa kuachiliwa. Hilo mtu anaweza kwenda nalo nyumbani akalishughulikia. Rafiki yangu amerudi mwaka huu. Anapiga tenzi kwa mkono mmoja, taratibu, na nikimsikia moyo wangu unatulia.

Nimesema ya kutosha. Nitaipiga preludi yenyewe, ni kama dakika mbili hivi. Mliokaa nyuma kabisa karibu na mlango, ninyi ndio nawategemea: nikimaliza, mniambie kama hodi bado inasikika.