Hifadhi Ipewe Njia Yake: Mhadhara kuhusu Violesura vya Seva Mwenyeji

Ndugu Mwenyekiti, walimu wetu, na wenzangu mnaotunza seva katika ofisi, benki na hospitali za jiji hili la Dar es Salaam, nawashukuru kwa kufika. Nitazungumzia namna ya kupanga violesura vya mtandao na vya hifadhi (milango ambayo data huingilia na kutokea) katika seva mwenyeji, yaani ile mashine moja halisi inayobeba mashine pepe nyingi (kompyuta zilizoundwa kwa programu tu).

Seva ya namna hii hupitisha mizigo isiyofanana: usimamizi, mawasiliano ya watumiaji, uhamishaji wa mashine pepe kutoka seva moja kwenda nyingine, pamoja na usomaji na uandishi wa diski zilizo katika hifadhi ya pamoja, yaani kifaa cha diski ambacho seva hukifikia kupitia mtandao. Wengi wetu huitenganisha mizigo hiyo kwa VLAN peke yake, yaani kuugawa mtandao mmoja halisi kuwa mitandao kadhaa ya kimantiki. Sikatai umuhimu wa VLAN, lakini haiongezi upana wa waya. Waya wa gigabiti 1 kwa sekunde haupitishi zaidi ya megabaiti 125 kwa sekunde, kwa hiyo kuhamisha mashine pepe yenye kumbukumbu ya gigabaiti 64 kutaushika waya huo kwa zaidi ya dakika 8, hata kama hakuna mwingine anayeutumia. Ikiwa diski za mashine nyingine zinapita humo humo, zitasubiri.

Kusubiri huko ndiko kunakonitia wasiwasi. Mtumiaji akikatikiwa mtandao kwa sekunde kadhaa, huufungua upya ukurasa wake akaendelea na kazi. Mashine pepe ikikosa diski yake kwa muda mrefu, mara nyingi Linux iliyomo huugeuza mfumo wa faili kuwa wa kusomwa tu, na hifadhidata iliyokuwa ikiandika husimama. Ndiyo maana nasisitiza kwamba hifadhi ipewe kadi zake za mtandao, na swichi zake ikiwezekana, bila lango la kutokea nje.

Kwa wanaotumia iSCSI, yaani itifaki ya kufikia diski kupitia mtandao wa IP, nawasihi msiziunganishe kadi mbili za hifadhi ziwe kiolesura kimoja. Kila kadi ipewe anwani katika mtandao wake mdogo na ipite katika swichi yake, kisha kazi ya kuchagua njia iachiwe programu ya njia nyingi iliyomo ndani ya seva. Kuunganisha kwa LACP, itifaki ya kuzifanya kadi kadhaa ziwe kiolesura kimoja, kunafaa upande wa watumiaji, ambako miunganisho ni mingi, kwa kuwa muunganisho mmoja hauvuki uwezo wa kadi moja hata kadi zikiwa nne.

Hata hivyo, njia mbili pekee hazitoshi. Muunganisho unapovunjika, Open-iSCSI, programu ya iSCSI katika Linux, husubiri sekunde 120, isipobadilishwa, kabla ya kukiri kwamba maombi ya diski yameshindikana. Muda huo unamfaa mwenye njia moja, ambaye hana pa kukimbilia. Mwenye njia mbili aupunguze hadi sekunde 15 au chini ya hapo, ili maombi yahamie mapema njia inayofanya kazi. Jambo hili husahauliwa mno, na anayelisahau hununua swichi ya pili bila kuipata faida yake.

Kuhusu pakiti kubwa za baiti 9000, kadi, daraja (swichi ya kiprogramu ndani ya seva), swichi na hifadhi vyote vikubaliane. Swichi moja ikibaki na 1500, muunganisho hufunguka vizuri, kisha hukwama data nyingi inapoanza kupita. Pima kwa ping, amri ya kujaribu kama mashine nyingine inajibu, ya baiti 8972 iliyokatazwa kugawanywa, kwa sababu baiti 20 ni za kichwa cha IP na 8 ni za ICMP, itifaki inayotumiwa na ping.

Umeme unapokatika na kurudi, seva inaweza kuwaka kabla ya swichi na hifadhi kuwa tayari, ikaanza kuwasha mashine pepe ambazo diski zake hazijaonekana. Basi uwashaji wake ucheleweshwe hadi hifadhi ijibu.

Kabla ya kuikabidhi seva kwa wenye kazi, anzisha uandishi wa faili kubwa ndani ya mashine pepe ya majaribio, chomoa waya mmoja wa hifadhi, hesabu sekunde ambazo uandishi umesimama, urudishe, subiri njia zote mbili zionekane hai, ndipo uchomoe wa pili.