Kabla Hujawasha Projekta

Wakufunzi na walimu wenzangu, wanaonifahamu wanajua nitaanza na Kilwa. Naam, naanza na Kilwa, mji wa kale wa pwani yetu, maana ndio ninaoutumia kuonyesha namna ya kufundisha historia kwa vifaa vya kidijitali. Ila kwanza, vifaa vyenyewe.

Vishikwambi vya sensa ya 2022 vilipomaliza kazi yake, walimu tukagawiwa. Jambo jema. Zikafuata semina. Moja niliikalia siku tatu: kuwasha, kutengeneza slaidi, kuhifadhi. Siku ya mwisho mwalimu mmoja wa historia akatuonyesha kazi yake kwa fahari. Notisi zilezile za miaka yote, sababu saba za kukua kwa miji ya pwani, ila sasa kila sababu inaingia ikizunguka kama pia. Tukapiga makofi. Na mimi nilipiga, Mungu anisamehe. Ubao ulikuwa umevutiwa umeme, basi.

Sasa sikilizeni ninavyofanya mimi na wanachuo wangu. Nawapa mchoro wa Kilwa uliochapwa Cologne mwaka 1572, Ujerumani, kwenye kitabu cha michoro ya miji cha Braun na Hogenberg. Mtandaoni upo, bure. Siwaambii neno. Wanakuza, wanasogeza, wanakuza tena, mpaka mmoja anauliza: "Mbona kama Ulaya?" Hapo nawapa maneno ya Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, aliyefika Kilwa mwaka 1331 akausifia mji kwa uzuri, akasema wote umejengwa kwa mbao. Wakishayasoma, nafungua picha za kompyuta za magofu yaliyopimwa na mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town, unayageuza kwa kidole huku na huku: Msikiti Mkuu, mawe ya matumbawe matupu. Haya, mbao au mawe?

Darasa linawaka. Yupo aliyesema Ibn Battuta hakufika kabisa, alisimuliwa. Binti mmoja, mtu wa kulekule Kilwa, akanyoosha mkono: "Mwalimu, jiwe linabaki. Nyumba za sisi wengine za miti na makuti nani angezikuta leo?" Nilinyamaza. Hilo halikuwemo kwenye andalio langu la somo.

Mkufunzi asiyempitisha mwalimu kwenye ugomvi wa namna hiyo, akamfundisha vitufe tu, amemfundisha nini? Vitufe mwanawe wa darasa la nne anavijua.

Naona mkono kule nyuma, na swali lake nalijua: mtihani wa taifa hauulizi hayo, unataka hoja. Sawa. Lakini aliyebishana na Ibn Battuta saa nzima, hoja anazo za kumwaga. Na wewe unayesema shule yako haina umeme: pakua ukiwa mjini, chapisha nakala tatu steshenari, zizungushe darasani. Bando usinidanganye kuwa huna, jana usiku ulikuwa unatuma vichekesho kwenye kundi letu.

Nilitaka kuzungumzia kurekodi wazee kwa simu, hasa Songea na Kilwa kwenye habari za vita vya Majimaji, na namna ya kuomba ruhusa kwanza. Na akili mnemba pia: iulizeni kuhusu Kinjekitile, yule mganga wa Majimaji, kisha wapeni wanafunzi kazi ya kuisahihisha. Lakini mwenyekiti ananionyesha saa, na harufu ya chapati mmeisikia kabla yangu.

Basi fungueni vishikwambi. Mchoro ule ule wa 1572 una Mombasa pia, pembeni ya Kilwa. Tukitoka chai kila meza iniambie ina swali gani. Majibu sitaki.